Somo la 9: Kazi ya Mthamini



Mwaka 2021 ilianza kujengwa reli ya kisasa kutoka Mwanza hadi Isaka. Urefu wake ni kilomita 341. Reli haipiti hewani. Inapita kwenye mashamba na viwanja vya watu. Kabla mashine hazijafika, hufika mtu mwenye futi ya kupimia, kamera na karatasi. Huyo ndiye mthamini.

Mthamini si mpima. Mpima anapima mipaka na kuweka mawe ya mipaka. Mthamini anakadiria thamani ya ardhi, nyumba, miti na mazao. Benki humtaka mthamini mtu anapoweka nyumba rehani ili akopeshwe. Serikali humtuma inapotaka kuchukua ardhi kwa kazi ya umma.

Anapofika kwako anafanya nini? Anapima nyumba ndani na nje. Anatazama ukuta: ni wa matofali ya kuchoma au ya udongo? Paa ni bati au nyasi? Kisha anaingia shambani. Migomba huhesabiwa shina kwa shina, na miembe mmoja mmoja. Kwa hiyo usibaki nyumbani. Fuatana naye, hesabu pamoja naye, tena andika katika daftari lako. Makaburi yana sheria yake ya mwaka 1969. Mwonyeshe yalipo, yasisahauliwe.

Mwishoni utaombwa kutia sahihi. Hapa ndipo kisomo chako kinapofanya kazi. Tuseme mama mmoja ana migomba 140, na karatasi inasema 40. Akitia dole gumba bila kusoma, amepoteza migomba 100. Akisoma, atasema, "Ndugu mthamini, tarakimu moja imekosekana." Karatasi itasahihishwa palepale. Kesho yake ni vigumu.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe mapema. Fidia si bei ya nyumba peke yake. Ipo posho ya usumbufu. Ipo ya usafiri, inayohesabiwa kwa mzigo wa tani 12 kwa mwendo wa kilomita 20. Ipo pia ya makazi, ambayo ni kodi ya nyumba ya mwezi mmoja mara miezi 36. Tuseme nyumba kama yako hupangishwa kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Hesabu yake ni hii:

30,000 × 36 = 1,080,000

Mwenye duka anahesabiwa faida yake halisi ya mwezi kwa miezi 36 vilevile. Ndiyo maana daftari la mauzo lina faida. Asiye na daftari atathibitishaje? Lakini shamba au kiwanja kitupu, asichokaa mtu, hakipati posho ya usafiri wala ya makazi.

Fidia ikichelewa zaidi ya miezi 6, huongezwa riba. Miaka 2 ikipita bila malipo, uthamini huo umekwisha nguvu na lazima ufanywe mwingine. Andika tarehe.

Wazazi wengine huuliza: je, mtoto wetu anaweza kuwa mthamini? Anaweza, wa kiume au wa kike. Njia ni ndefu kidogo. Akimaliza kidato cha 4 na kufaulu, anaweza kuomba Chuo cha Ardhi Tabora, kwenye masomo ya usimamizi wa ardhi na uthamini. Huko hupata cheti, kisha stashahada. Mwenye elimu hiyo humsaidia mthamini kazini. Anayetaka kufika juu huomba Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kusoma shahada ya usimamizi wa ardhi na uthamini. Shahada nayo haitoshi. Atafanya kazi chini ya mthamini mzoefu, kisha atapimwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Akifaulu anasajiliwa. Bila usajili, kujiita mthamini ni kosa.

Mimi naona kazi hii inawafaa vijana wetu wa kando ya ziwa. Kijana aliyekulia huku anajua shina la mgomba lina maana gani kwa mama mwenye watoto. Lakini apende hesabu, na asipende bahasha za chini ya meza.

Mtu akija kijijini na kusema yeye ni mthamini, mwulizeni kitambulisho na barua ya halmashauri. Aje na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji. Akitaka "hela ya mafuta" ili aongeze hesabu ya miti yako, huyo anataka rushwa. Taarifa ya fidia hupitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali.

Maneno mapya
Thamani: kiasi ambacho kitu kinastahili kwa fedha.
Fidia: malipo kwa mtu aliyechukuliwa mali yake.
Riba: fedha inayoongezwa juu ya deni.

Maswali
1. Mpima na mthamini wanatofautianaje?
2. Nyumba hupangishwa kwa shilingi 45,000 kwa mwezi. Posho ya makazi ni shilingi ngapi?
3. Hesabu miti yote ya shamba lako. Andika idadi ya kila aina, na tarehe ya leo.