SOMO LA 12: FUWELE, MAWE YENYE PANDE

Ndugu msomaji, huenda umewahi kuokota jiwe shambani au mtoni likakushangaza. Linang'aa kama kioo. Lina pande sita zilizonyooka, na ncha yake ni kama ya kalamu ya risasi iliyochongwa. Hakuna fundi aliyelichonga. Limejiumba lenyewe ardhini. Jiwe la namna hiyo huitwa fuwele.

Fuwele huumbikaje?

Ndani ya fuwele, chembe ndogo sana zimejipanga kwa utaratibu, kama matofali ukutani. Kila aina ina mpango wake, kwa hiyo ina umbo lake. Jiwe la pande sita ni kwatzi. Fuwele ya chumvi ina umbo la dadu.

Jaribu mwenyewe. Chukua nusu kikombe cha maji ya moto. Koroga chumvi mpaka isiyeyuke tena. Mimina maji hayo katika sahani, uiweke mahali pasipotikiswa. Baada ya siku chache maji yatakauka. Tazama vizuri: utaona visanduku vidogo vya chumvi.

Maana walizozipa watu

Wagiriki wa kale walidhani kwatzi ni barafu iliyoganda isiweze kuyeyuka tena. Waliamini pia kwamba amethisti, yaani kwatzi ya rangi ya zambarau, humzuia mtu asilewe. Baadhi ya Waislamu huvaa pete ya akiki kwa heshima ya dini. Huko Marekani, mwaka 2002 wauza vito waliifanya tanzanite kuwa moja ya mawe ya watu waliozaliwa Desemba.

Tanzanite ilijulikana mwaka 1967 huko Mererani. Husimuliwa kwamba radi ilichoma mbuga, na mawe ya kahawia yakageuka buluu. Hadithi hiyo ina jambo la kweli ndani yake. Tanzanite nyingi hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia. Mafundi huzipasha moto mkali, nazo hugeuka buluu.

Maana hizi zimetoka kwa watu, hazikutoka katika jiwe. Pete inaweza kukukumbusha mama yako au imani yako. Lakini jiwe haliponyi ugonjwa. Mtoto akiwa na homa, mpeleke zahanati mapema. Usitoe fedha za dawa kununua jiwe la bahati.

Ukiokota jiwe la ajabu

1. Usilivunje. Fuwele nzima huwa na thamani kuliko vipande.
2. Andika mahali ulipoliokota na tarehe.
3. Likwaruze kwenye kipande cha chupa. Kwatzi huacha alama katika kioo.
4. Usiliuze njiani kwa mtu usiyemjua. Lipeleke ofisi ya madini likapimwe. Tangu mwaka 2019 Tanzania ina masoko ya madini, na bei hutajwa wazi.
5. Usianze kuchimba bila leseni. Usiingie katika shimo la zamani. Mwaka 1998 na mwaka 2008, maji ya mvua yalijaa katika mashimo ya Mererani na kuua wachimbaji wengi.

Maswali

1. Fuwele ya chumvi ina umbo gani?
2. Ni jambo gani la kweli katika hadithi ya radi?
3. Kwa nini si vizuri kuvunja fuwele?
4. Jadilianeni darasani: Je, kijijini kwenu mawe gani yana maana maalumu? Nani aliwaeleza maana hiyo?