Jua Haki Zako: Hamna Cheti cha Ndoa, Lakini Wifi Anakuita Wifi

Chukua mfano wa mama ntilie wa Mbagala. Ameishi na mwenzake miaka tisa, wamezaa watoto wawili na kujenga vyumba vitatu. Mahari haikutolewa, bomani hawakwenda. Siku ya ugomvi anaambiwa: "Fungasha. Hatujaoana, na kiwanja kina jina langu." Wengi hufungasha kweli, wakiamini kwamba sheria haiwatambui. Inawatambua.

Kwa Tanzania Bara, jibu limo katika kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kama mume na mke, mahakama huchukulia kwamba wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hiyo ndiyo dhana ya ndoa. Habari ya vijiweni kwamba miezi sita inatosha haimo katika sheria.

Ushahidi uko kwa ndugu na majirani

Miaka miwili peke yake haitoshi. Lazima jamii iwe imewatambua. Hapo ndipo undugu wetu unapogeuka kuwa ushahidi. Dada za mwenzako wanakuita wifi? Kaka zake wanakuita shemeji? Kwao kulipotokea msiba, ulikaa jikoni na wanawake wa ukoo kama mkwe wa nyumba? Mjumbe anawajua kama mke na mume? Kadi ya kliniki ya mtoto ina jina lake kama baba? Hao ndio mashahidi wako, na hizo ndizo karatasi zako.

Dhana inaweza kupingwa

Ikithibitika kwamba mwanamume ana ndoa ya mke mmoja, kama ndoa ya Kikristo, ambayo haijavunjwa, dhana huanguka, kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kuoa tena. Hata hapo hutoki mikono mitupu. Kifungu hichohicho kinakupa haki ya kuomba matunzo yako na ya watoto. Katika shauri la Hemed Tamim dhidi ya Renata Mashayo, lililoripotiwa mwaka 1994, ilikubalika kwamba mahakama inaweza kugawa mali waliyochuma wawili hata kama dhana ya ndoa imepingwa.

Mali

Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Maji uliyobeba kichwani wakati wa kufyatua matofali, chakula ulichowapikia mafundi, watoto uliowalea mwenzako akiwa kazini: vyote vina uzito. Mgawo si lazima uwe nusu kwa nusu. Mahakama hupima mchango wa kila mmoja. Lakini jina lililo kwenye hati ya kiwanja halimalizi mjadala.

Ufanye nini?

Kwanza, tunza risiti za saruji na mabati, picha na kadi za kliniki, na orodhesha majina ya mashahidi. Pili, nenda Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata au la dini yako. Usuluhishi ukishindikana, baraza litakupa hati ya kuthibitisha hivyo. Tatu, peleka hati hiyo mahakamani. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza shauri lako. Ukiwa umepigwa au kutishiwa, tangulia Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kama huna fedha za wakili, tafuta wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Nanyi mnaopendana na kuishi bila cheti, msingoje ugomvi. Kutotolewa kwa mahari hakubatilishi ndoa. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ndoa kimesema hivyo. Mkitaka ndoa ya bomani, toeni taarifa kwa msajili siku 21 kabla ya kufunga ndoa. Mkinunua kiwanja, andikeni majina yote mawili. Aliyeitwa wifi kwa miaka tisa asilazimike kuthibitisha mahakamani kwamba alikuwa mke.