SOMO: GARI KUUKUU LA CHAMA, MARADHI YAKE NA GHARAMA ZAKE



Hutokea, msimu wa pamba unapokwisha na chama kikawa na ziada kidogo, mwanachama akasimama katika Mkutano Mkuu na kusema: "Na sisi tununue gari." Hoja hiyo hupigiwa makofi, nayo ina haki ya kusikilizwa. Barabara kuu ya Musoma hadi Bunda ni ya lami, lakini ghala na vituo vya kununulia pamba viko vijijini, na wakati wa masika udongo mweusi wa mbuga haupitiki kwa gari dogo. Kwa kuwa gari jipya haliwezekani, macho ya wajumbe hugeukia gari lililokwisha kutumika: Land Rover, au Toyota Land Cruiser ya miaka mingi.

Somo hili halikatazi kununua gari la namna hiyo. Linakusudia kuonyesha kwamba bei ya kununulia ni sehemu tu ya gharama, na kwamba sehemu iliyobaki hulipwa na wanachama wote kidogo kidogo, wajue wasijue.

1. Maradhi ya kawaida

(a) Injini kuchemka. Huu ndio ugonjwa unaoua magari mengi makuukuu. Rejeta huziba kwa kutu na matope, mipira ya maji hupasuka, pampu ya maji huchakaa. Kila moja ya kasoro hizo hutengenezwa kwa fedha kidogo ikiwahiwa. Dereva akiendelea kuendesha mshale ukiwa katika nyekundu, gasketi ya silinda hedi huungua, au hedi yenyewe hupasuka. Toyota Prado za injini ya 1KZ-TE, ya dizeli ya lita 3, zinajulikana sana kwa kasoro hiyo, maana hedi yake ni ya alumini na haivumilii joto lililopita kiasi. Dalili zake ni maji kupungua bila kuonekana yanakovujia, mapovu katika rejeta, na oili kugeuka rangi kama chai ya maziwa.

(b) Mkanda wa taimingi. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, yenye silinda 6 na lita 4.2, inasifiwa kwa uimara. Hata hivyo ina mkanda wa mpira ambao hapana budi ubadilishwe kila kilometa 100,000. Mkanda ukikatika gari likiwa katika mwendo, vali hugongana na pistoni, na injini nzima hufunguliwa. Mnunuzi asiyejua mkanda ulibadilishwa lini na aubadilishe siku ya kwanza, kwa sababu kilometa zinazosomeka katika dashibodi zinaweza kuwa zimerudishwa nyuma.

(c) Pampu ya dizeli na nozeli. Dizeli ya madumu, inayouzwa kando ya njia, huweza kuwa na maji na mchanga. Uchafu huo huharibu pampu na nozeli, ambazo ni miongoni mwa spea za bei kubwa kuliko zote katika gari. Chujio la dizeli ni la bei nafuu. Kulibadilisha kwa wakati, na kumwaga maji yanayotuama chini yake, ndiyo kinga.

(d) Miguu na usukani. Barabara za changarawe hula bushi, shokapu, boljointi na majani ya springi. Usukani ukicheza, au tairi likiisha upande mmoja, gari lipelekwe kwa fundi bila kungoja. Mafuta yakionekana upande wa ndani wa gurudumu la mbele, sili imekatika. Ikiachwa, maji na matope huingia na kuharibu beringi.

(e) Kutu ya chesisi. Bodi ya Land Rover za zamani ni ya alumini na haishiki kutu kama chuma, lakini chesisi yake ni ya chuma. Rangi nzuri juu isiwadanganye wajumbe. Magari yaliyotoka sehemu za Japani zenye theluji huenda yameliwa na chumvi inayomwagwa barabarani huko. Lazima mtu alale chini ya gari, agonge chesisi kwa nyundo ndogo na kusikiliza.

Mtaona kwamba karibu kila ugonjwa hapa una hatua mbili: ya mwanzo, ambayo ni ya gharama ndogo, na ya mwisho, ambayo huweza kufikia sehemu kubwa ya bei ya gari. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

2. Hesabu ya kilometa moja

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kujifunzia tu. Kila chama kiweke zake.

Chama kimenunua gari kwa shilingi 30,000,000. Kinakusudia kulitumia miaka 5, kisha kuliuza kwa shilingi 10,000,000. Uchakavu ni shilingi 20,000,000 kwa miaka 5, yaani 4,000,000 kwa mwaka. Gari hutembea kilometa 16,000 kwa mwaka.

Uchakavu: shilingi 250 kwa kilometa.
Matengenezo, spea na matairi, shilingi 4,800,000 kwa mwaka: shilingi 300 kwa kilometa.
Bima na ada, shilingi 800,000 kwa mwaka: shilingi 50 kwa kilometa.
Dizeli, lita moja kwa kilometa 8, kwa bei ya shilingi 3,000: shilingi 375 kwa kilometa.
Jumla: shilingi 975 kwa kilometa, bila mshahara wa dereva.

Sasa Mwenyekiti amekwenda mjini na kurudi, safari ya kilometa 150. Katibu ameandika katika hati ya malipo dizeli ya shilingi 56,250, na wajumbe wameridhika. Lakini safari hiyo imegharimu shilingi 146,250. Zile 90,000 ambazo hazikuandikwa hazikupotea. Zinangoja siku gari litakapolala gereji. Ikiwa ushuru wa chama ni shilingi 30 kwa kilo, safari hiyo moja imekula ushuru wa kilo 4,875 za pamba. Na ajiulize kila mwanachama: ni wakulima wangapi wa kijiji chetu walivuna kilo hizo? Je, safari hiyo haikuweza kufanywa kwa basi?

3. Kabla ya kununua

Kwanza, Bodi imtafute fundi wake yenyewe, asiyeletwa na muuzaji, na imlipe. Pili, injini iwashwe ikiwa baridi. Gari lililokwisha kupashwa moto kabla ya wageni kufika huenda linaficha jambo. Tatu, lijaribiwe mlimani na katika njia mbovu. Nne, tarehe ya matairi isomwe: tarakimu nne za mwisho ubavuni, mathalan 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tano, iulizwe kama spea zake zinapatikana Musoma au Mwanza, maana gari linalongoja spea mwezi mzima wakati wa msimu ni hasara juu ya hasara. Sita, fedha za matengenezo ya mwanzo zitengwe kabla ya kulipa bei, na ununuzi wote uwe katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu.

4. Wajibu wa Katibu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Gari liwe na daftari la safari: tarehe, kilometa za kuondoka na kurudi, shughuli, dizeli, na saini ya aliyelitumia. Liwe pia na daftari la matengenezo, lenye stakabadhi za kila spea. Spea ya zamani irudishwe ofisini, ionekane kwamba kweli ilibadilishwa. Kila mwezi, zidisha kilometa zilizokwenda kwa kiwango cha matengenezo, na fedha hizo ziwekwe benki katika akaunti ya akiba ya gari. Katika mfano wetu, gari likitembea kilometa 1,300 kwa mwezi, akiba ni shilingi 390,000.

Chama kisichoweza kuweka akiba hiyo hakijawa tayari kumiliki gari. Kukodi gari kwa siku za msimu tu si aibu.

Maswali ya kujadiliana

1. Gari la chama chetu, au tunalokusudia kununua, linagharimu shilingi ngapi kwa kilometa?
2. Mwezi uliopita ni safari zipi zilikuwa za lazima, na zipi hazikuwa?
3. Nani ana mamlaka ya kumwambia dereva asimame injini inapochemka, hata kama kiongozi ana haraka?
4. Injini ikifa leo, fedha za kuitengeneza zitatoka wapi?

Majibu yaandikwe katika muhtasari, yasomwe katika Mkutano Mkuu unaofuata.