Kuwasha taa mchana kwenye njia ya soko



Fundisho la mara hii halitoki shambani, linatoka njiani. Wengine watauliza: agronomo anatafuta nini katika mambo ya taa za piki-piki? Jibu ni kalendari yetu ya kulima. Mavuno tunayapeleka soko hasa tangu mwezi wa tano hadi wa nane. Njo miezi ambayo piki-piki, kinga na kamio zinajaa kwenye njia ya udongo kati ya Zongwe na Kalemie. Kisha mvua inarudi mwezi wa kumi na kila nyumba inashika jembe. Mfupa wa mguu uliovunjika vibaya unaomba miezi mine ao zaidi kabla mtu kubeba mzigo tena. Basi mwenye kugongwa mwezi wa saba, mwezi wa kumi yuko angali na fimbo. Shamba lake halilimwi, ao linalimwa nusu, na mwaka unaofuata nyumba inanunua unga. Hasara ya gunia lililomwagika njiani inaonekana siku ile ile. Hasara ile ingine inakuja polepole, na ni kubwa zaidi.

Kuna kitu kimoja ambacho kila piki-piki iko nacho tayari na hatukitumii: taa ya mbele, wakati wa mchana.

Wengi wanafikiri taa ni ya kumuonyesha dereva njia. Usiku ni kweli. Mchana kazi yake ni ingine: inawaonyesha wengine kwamba wewe unakuja. Angalieni piki-piki iliyotoka kijijini asubuhi. Ikifanya kilometa kumi ya vumbi, yenyewe, magunia na nguo za motari vinakuwa rangi moja na njia, sawa na kinyonga juu ya mti. Tena piki-piki ni nyembamba. Ikikujia moja kwa moja, jicho halioni kitu kinachotembea kwenda kushoto ao kuume, linaona alama ndogo tu inayokua kidogo kidogo. Mama anayetaka kuvuka na beseni kichwani anaangalia, anaona ni mbali, anaingia njiani. Hapo ndipo watu wanagongana na kusema "ametoka wapi huyu?" Hakutoka popote, alikuwa pale pale.

Tufanye hesabu kidogo. Piki-piki mbili zinakutana, kila moja inakimbia kilometa 50 kwa saa. Kwa segonde moja zinakaribiana karibu mita 28. Kama mmoja anamuona mwenzake wakiwa wameachana mita 150, wako na segonde tano na kitu. Kama wanaonana kwa mita 50 juu ya vumbi, hawana hata segonde mbili, na mtu anahitaji karibu segonde moja kabla mkono wake kushika freni. Piki-piki yenye gunia mbili nyuma kwenye changarawe haisimami kwa segonde inayobakia. Taa inayowaka inapita ndani ya vumbi mbele ya umbo la piki-piki kuonekana. Haiongezi nguvu ya freni, inaongeza segonde.

Wamotari fulani wanasema mambo haya ni ya wazungu, kule ambako kuna giza na theluji. Ni kweli ilianza kule: Sweden iliamuru magari yote yawashe taa mchana tangu 1977, na Jumuiya ya Ulaya ikadai tangu mwezi wa pili 2011 kila aina mpya ya gari dogo itoke kiwandani na taa ya mchana. Lakini mfano unaotufaa sisi zaidi ni Malaysia. Inchi ile iko karibu na ikweta kama sisi, jua lake ni kali kama letu, na watu wake wengi wanatembea na piki-piki. Mwaka 1992 serikali iliamuru piki-piki zote ziwashe taa mchana. Watafiti walipohesabu, ajali za namna ile ambamo mtu hakuiona piki-piki zilipunguka karibu asilimia 29. Hakuna aliyebadilisha barabara wala kununua piki-piki mpya. Walifungua taa tu.

Hapa kwetu naona nyakati tatu ambapo taa inasaidia zaidi.

Ya kwanza ni kiangazi, nyuma ya kamio. Kamio moja ya makala ao ya mihogo inaacha wingu jekundu nyuma yake, na anayetaka kuipita anaingia upande wa kushoto bila kuona. Magari mengi ya kwetu yako na usukani kuume, yamepitia Tanzania ao Zambia, na sisi tunatembea upande wa kuume. Dereva wa gari kama lile hawezi kuona mbele ya kamio mpaka gari lake lote karibu litoke inje. Kama anayekuja mbele amewasha taa, dereva ataiona ndani ya vumbi na kurudi nyuma. Kama yeye pia amewasha, anayekuja ataanza kupunguza mwendo. Lakini vumbi likiwa zito kabisa, usipite hata kama umewasha taa ine. Kaa nyuma, upepo utalisukuma.

Ya pili ni mwisho wa mvua, wakati majani na matete yamekula njia pande zote mbili na kila kona imefungwa. Mwangaza wa taa unapenya kati ya majani mbele ya piki-piki kutokea. Hapa klaxon nayo ni rafiki.

Ya tatu ni jua la asubuhi mapema na la kuelekea magaribi, na hapa taa peke yake haitoshi. Jua likiwa nyuma yako, wewe unaona vizuri sana na unafikiri wote wanaona hivyo. Sivyo. Anayekuja mbele yako jua linamchoma macho, na taa yako ndogo haiwezi kushinda jua. Angalia kivuli chako: kikiwa kirefu na kimelala mbele yako, ujue yule wa mbele hakuoni. Punguza mwendo na ukae pembeni.

Sasa tuje ku maswali ya pesa, maana ndiyo yanayorudi kila tunapozungumza na wamotari.

"Taa itamaliza batri." Pima mwenyewe. Washa piki-piki, washa taa, kisha zima injini lakini ufunguo uache. Kwa piki-piki nyingi ndogo tunazotumia, taa kubwa inazimika pamoja na injini, maana inakula umeme unaotoka ku injini moja kwa moja. Kama yako inafanya hivyo, haigusi batri. Kama taa inabakia inawaka, basi inakula batri: iwashe wakati injini inatembea tu, na usiisahau ukisimama.

"Itakula mafuta." Taa ya piki-piki ya wati 35 ni kidogo sana, hautaona tofauti ku stesheni. Kwa gari lenye ampuli mbili za wati 55 ni chini ya robo ya litri kwa kilometa 100. Tairi lisilojaa upepo linakula zaidi.

"Ampuli itaungua mbio." Hii ni kweli kidogo. Itachakaa mbele ya ile isiyowaka. Lakini njia yetu ya mashimo inaua ampuli hata ikiwa imezimwa. Ampuli zikiungua moja baada ya ingine, si kosa la mchana, fundi aangalie regulateri na namna taa imefungwa.

Kuna pia haya. Ukiwasha taa mchana, watoto na wamotari wenzako watakufungulia na kukufungia vidole: "Taa! Taa!" Wanafikiri umesahau. Wapungie mkono, endelea. Kama koperative mbili ao tatu zinafanya hivyo pamoja, watazoea. Sheria yetu ya barabara, namba 78/022 ya tarehe 30 mwezi wa 8 mwaka 1978, inadai taa usiku na wakati njia haionekani vizuri, na vumbi la kiangazi ni wakati kama huo.

Kitu ambacho koperative inaweza kufanya bila kungojea mtu: wakati wa kukodi wamotari ao kamio, andikeni ndani ya makubaliano kwamba taa ya chini inawaka tangu depo hadi soko. Anayehesabu magunia aangalie taa kwanza, aandike ndani ya kaye. Faini sipendi, zinaleta ugomvi na rushwa. Piki-piki isiyo na taa inapakizwa ya mwisho, basi. Mtaona taa zitatengenezwa ndani ya juma moja.

Wakati wa kupakia, gunia lisikae mbele ya taa. Na mzigo ukiwa mzito nyuma, pua ya piki-piki inapanda na taa inaangalia mbingu: mchana si neno, lakini jioni inachoma macho ya wengine. Jioni simamisha piki-piki na mzigo wake mbele ya ukuta, mita tano. Mwangaza wa taa ya chini ubakie chini kidogo ya urefu wa taa yenyewe. Ukipanda juu, legeza bulo ya taa na uinamishe.

Wenye kinga na watembea kwa miguu hawana taa, na njiani watakapozoea kutafuta taa, wanaweza kuwasahau hao. Kwa hiyo kitambaa cheupe ao cha manjano kifungwe juu ya mzigo wa mihogo, mbele na nyuma. Mwenye kutembea kwa miguu apite upande wa kushoto, ili aone gari linalomkujia usoni.

Ampuli munaweza kununua kwa pamoja Kalemie, kama munavyofanya kwa mbegu. Peleka ile ya zamani ufananishe mguu wake na namba zake. Piki-piki nyingi zinataka volti 12, wati 35/35. Usikubali muuzaji akupe ya wati 55 ao 60 kwa kusema inaangaza zaidi: inayeyusha plastiki ya taa na kuunguza waya. Moja ya akiba ifungwe ndani ya kitambaa, chini ya kiti, mbali na funguo za kufungulia bulo.