Somo la Familia: Tufundishe Watoto Kuheshimu Wazee



Tusome Mambo ya Walawi 19:32-34. Mungu aliagiza tuinuke mbele ya mwenye mvi. Agizo hilo lilipewa watu waliokaa katika hema jangwani, wasio na nyumba wala shamba. Basi mzee aliyeacha mali yake Kongo, ambaye leo anangoja msaada mstarini, heshima yake haikubaki mpakani. Tukimdharau sisi wazazi, watoto watamdharau pia.

Tuanze nyumbani:

1. Mtoto atangulie kusalimu. Akikutana asubuhi na mzee mwenyeji wa Gisenyi, aseme "Mwaramutse", asipite kimya.
2. Apokee kitu kwa mikono miwili.
3. Ampishe mzee kiti, amchotee maji.

Bwana azibariki familia zetu. Amina.