Barafu ya Usiku

Niliahidi kueleza kwa hatua tano namna ya kupanga joto na baridi katika kiwanda kipya, lakini sina budi kuanza na yule muuzaji wa mitambo ambaye hata leo nikipita mbele ya duka lake hugeuza uso wangu.

Kiwanda changu ni cha maziwa na mtindi, hapa Goma, juu ya mwamba wa lava iliyotushukia kutoka Nyiragongo mwaka 2002. Maziwa hunifikia alfajiri kutoka Masisi, hupashwa nyuzi 63 kwa dakika 30, kisha hutakiwa yapozwe hima hadi nyuzi 4. Muuzaji akanishawishi ninunue mtambo mkubwa wa kupozea, nao asubuhi ya kwanza umeme ulipokatika ukanyamaza, lita 300 za maziwa zikachacha mbele ya macho yangu. Nilipomwita, akaona maji yanachemka ilhali kipimajoto kinasoma 95, akaapa kuwa kipimajoto kimekufa na kwamba yeye anacho kingine cha kuniuzia. Hakujua, masikini, kuwa mji huu uko kama mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ikiwa hafifu maji hayangoji 100.

Hatua ya kwanza na ya pili ni nyepesi: hesabu joto lako kabla ya kuhesabu dola, na acha matundu ya hewa ukutani, kwani usiku wetu ni wa baridi. Lakini usichimbe shimo la kuwekea mashine, maana mazuku, hewa nzito ya kaboni dioksidi itokayo ardhini, hukusanyika mabondeni na huua.

Ya tatu ndiyo iliyoniokoa. Fundi mmoja wa kuchomelea wa mtaa wa Birere aliniuliza, "Mama, kwa nini unautafuta umeme saa ya maziwa? Utafute usiku, uuweke." Nikamwuliza niuweke wapi. "Ndani ya maji."

Akanitengenezea tangi lililovikwa povu gumu, likaja juu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, na ndani yake mabomba ya shaba yaliyopindwa, yakipozwa na kompresa ndogo inayogandisha maji usiku kucha. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto la kupoza kilo 1 ya maji kwa nyuzi 80. Basi lita zangu 300, zikisha kushushwa kwa maji ya kawaida hadi nyuzi 25, hutaka kilo 80 hivi tu, nami hutengeneza 120 kwa hadhari. Pampu ya kuzungusha maji baridi ya tangi hutosheka na betri ya motokari.

Hatua ya nne ni kuipimia barafu unene. Wiki ya kwanza niliiacha inenepe, nikijiona tajiri, kumbe ikinenepa huwa blanketi juu ya mabomba, kompresa huhangaika bure, na asubuhi maji hayakupata njia ya kupita. Sasa swichi hukata umeme barafu ifikapo unene wa vidole viwili, na kati ya bomba na bomba hubaki nafasi ya mkono. Ya tano, usitupe joto: lile litokalo kwenye kompresa hunipashia maji ya kuoshea bidoni, na gunia la makaa lililokuwa likiisha kwa wiki sasa hufika ya pili.

Mwezi uliopita umeme ulikatika tangu saa 11 alfajiri hadi saa 5 asubuhi, na maziwa yakabaki kwenye nyuzi 4. Adhuhuri yule muuzaji alibisha hodi akiomba kuliona tangi. Nilimwuzia mtindi, kwa bei ya rejareja.