JARIBIO LA NGOZI: FAIDA, HATARI NA MATUMIZI MABAYA

Hapa Bukavu mtu akinunua mafuta ao sabuni ya kujichubua pa soko ya Kadutu, anajipaka kwanza kidogo pa mukono. Kesho yake anasema: «Nimejaribu, hakuna neno.» Je, jaribio hilo linatosha? Tujifunze pamoja.

1. Maana yake
Kuna vitu visivyomdhuru mtu mmoja, lakini mwili wa mwingine unavikataa: ngozi inawasha, inavimba, inatoa malengelenge. Ndiyo alerji. Mwaka wa 1895, munganga Josef Jadassohn wa mji wa Breslau alikuwa na mgonjwa aliyeota vipele kwa sababu ya dawa ya zebaki. Akabandika dawa ileile pa ngozi ya mgonjwa yule, na vipele vikatoka tena. Jaribio la kubandika lilianza hivyo.

Leo munganga anabandika vitu mbalimbali pa mgongo kwa sparadra, kila kimoja kwa kipimo chake. Vinakaa saa 48 bila kuloweshwa. Anavibandua na kutazama, kisha anatazama tena siku ya 3 ao ya 4, maana alerji ya namna hii inakawia. Pa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Lazima kupapasa kwa kidole.

2. Faida
Fundi wa nyumba mwenye vidonda vya mikono atajua kama ni kromu ya simenti. Mama anayewashwa masikio atajua kama ni nikeli ya herini. Akikijua kitu atakiepuka, wala hatapoteza feza ya dawa bure.

3. Hatari
Pengine ngozi inaungua na kubaki na alama. Mara chache jaribio lenyewe linaanzisha alerji ambayo mtu hakuwa nayo. Kwa hiyo tusibandike rangi ya nywele ovyo. Tufuate karatasi iliyo ndani ya boksi.

4. Matumizi mabaya
a) Kutazama kisha saa moja tu, na kusema yamekwisha.
b) Kujaribu pa ngozi iliyokwisha kupakwa kortizoni. Mafuta mengi ya kujichubua yanayo, nayo inanyamazisha ngozi: alerji ipo lakini haionekani.
c) Kutumia kibandiko kwa mtu anayevimba mara moja akila karanga ao akipigwa sindano. Huyo ana jaribio lingine, tena hospitalini.
d) Kubaya kuliko yote: kufikiri kwamba kisichowasha hakina sumu. Jaribio linauliza neno moja tu: mwili huu unakikataa kitu hiki? Juu ya sumu halisemi kitu. Zebaki ya sabuni inaingia polepole na kuharibu figo, bila kipele hata kimoja. Kortizoni inafanya ngozi kuwa nyembamba, hata siku ya kupasuliwa munganga anashona kwa shida.

Basi, rafiki akikuambia «nimejaribu», umuulize: umejaribu nini?

Maswali ya kurudilia
1. Kwa nini tunatazama ngozi mara mbili?
2. Ginsi gani kortizoni inadanganya jaribio?
3. Sabuni isiyowasha inaweza kuua figo. Eleza.